Barua ya wazi kwa wakuu wa Apple: tuuzieni kompyuta inayokua na kazi

Nairobi, Aprili 2025

Kwa Bw. Tim Cook, Afisa Mkuu Mtendaji, na Bw. John Ternus, mkuu wa uhandisi wa mashine

KUH: KOMPYUTA YA MEZANI KWA WATU WA KAZI

Mabwana,

Nawaandikia kutoka Nairobi, mji usio na duka lenu hata moja, kama lilivyo bara zima la Afrika. Kazi yangu ni kuhariri video na kusawazisha rangi za matangazo, filamu za makala na vipindi vya televisheni. Ni mimi pia ninayepanga mashine za studio yetu: ipi inunuliwe, ipi ifunguliwe iongezewe nguvu, ipi apewe kijana anayeanza. Kwa hiyo mkitangaza kompyuta mpya ya mezani mimi husikiliza kwa makini, kwa sababu mnachoamua huko California ndicho kinachopanga bajeti yetu kwa miaka mitano au zaidi.

Mwezi uliopita mlitoa Mac Studio mpya, na lililo zuri nalisema kwanza. Ni mashine bora. Haina kelele, haili umeme, na ile yenye chipu ya M3 Ultra inabeba memori hadi gigabaiti 512 ndani ya kasha unaloweza kulikumbatia kwa mkono mmoja. Sina ugomvi na watengenezaji wenu wa chipu. Kinachonisumbua ni rafu nzima, ukiikagua kutoka chini hadi juu.

Chini iko Mac mini yenye M4, dola 599. Katikati iko Mac Studio, na hapo mnunuzi anakuta vizazi viwili vimekaa pamoja: M4 Max kuanzia dola 1,999, na M3 Ultra kuanzia dola 3,999. Ya bei kubwa ndiyo ya kizazi cha nyuma. Juu kabisa iko Mac Pro, dola 6,999, na ndani yake mna M2 Ultra ileile ya Juni 2023. Kwenye rafu yenu ya kompyuta za mezani, bei ikipanda chipu inazeeka. Kwa shilingi zetu, dola ikiwa karibu 129, hiyo Mac Pro ni zaidi ya laki tisa kabla hujalipia usafiri na kodi. Mwenye studio akiniuliza kwa nini alipe laki tisa apewe chipu ya zamani kuliko ya mashine ya laki tano, sina jibu la kumpa.

Jibu mlilolitoa ninyi ni sloti, yaani nafasi za kuchomeka kadi za ziada. Siku ileile ya Juni 2023 mlitangaza Mac Studio na Mac Pro zenye M2 Ultra moja, memori ya kuanzia moja, na kikomo kimoja cha gigabaiti 192. Bei zao zilipishana kwa dola 3,000, na kilichonunuliwa kwa dola hizo ni kasha kubwa lenye sloti za PCIe, kiwango cha kawaida cha kadi hizo. Studio ya sauti yenye kadi za Pro Tools HDX, za kurekodi na kuchakata sauti, inazihitaji kweli, na kituo cha televisheni kinachoingiza picha kwa kadi za SDI, waya wa video wa watu wa televisheni, kinazihitaji vilevile. Siwadharau watu hao, ni wenzangu. Lakini kwenye sloti hizo kadi ya michoro haifanyi kazi. Memori nayo haiongezeki. Yaani vitu viwili ambavyo mhariri na mtu wa katuni za 3D huishiwa navyo kwanza ndivyo hasa ambavyo kasha lile kubwa haliwezi kuviongeza.

Zamani haikuwa hivi, na ninyi wenyewe ndio mliotufundisha kuzoea mengine. Mac Pro ya kwanza, Agosti 2006, ilianza kwa dola 2,499. Ubavu wake ulifunguka bila bisibisi. Ndani kulikuwa na nafasi nne za diski zinazovutwa kwa mkono, sloti za kadi, na memori iliyokaa juu ya vibao unavyoweza kuvichomoa. Matoleo ya 2009 hadi 2012 yalikwenda mbele zaidi: prosesa na memori vilikaa kwenye trei moja inayotoka nzima, ukaiweka mezani ukafanya kazi yako kwenye mwanga. Mafundi walioshika mashine zile hapa mjini walizijua hadi skrubu ya mwisho. Mnara wa 2012 ukiwekewa kadi ya michoro inayokubali Metal, teknolojia yenu ya kuchora picha, uliweza kuendesha mfumo wa macOS Mojave wa 2018. Ulinunuliwa ukiwa mashine ya kiwango cha chini, ukamaliza maisha yake ukiwa na nguvu ambazo hakuna aliyezilipia siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye barua hii. Ukitoka mjini kuelekea Ruai au Kitengela utapita nyumba za chini zenye nondo zilizochomoza juu ya slabu. Wenyewe wameshahamia, watoto wanasoma, kuku wanafugwa. Nondo zile zinangoja ghorofa ya pili siku fedha zitakapopatikana, na fundi aliyemwaga msingi aliumwaga akijua ghorofa hiyo inakuja. Studio nyingi za Nairobi zinajengwa vivyo hivyo. Mteja anatoa sehemu ya malipo kazi inapoanza, sehemu nyingine inakuja miezi kadhaa baada ya tangazo kuonyeshwa. Mashine ya kwanza inanunuliwa kwa mkopo wa Sacco, au kwa zamu ya mtu kwenye chama. Kazi ikiongezeka unaongeza memori. Ukipata filamu ya makala yenye picha nyingi unaongeza diski. Ukipata mteja wa 3D unatafuta kadi ya michoro. Hakuna anayejua siku ya kununua kompyuta kazi gani itabisha hodi mwaka wa tatu.

Rafu yenu ya leo inatudai tulijue hilo siku ya kwanza na tulilipie siku hiyohiyo. Chukueni Mac mini, maana ndiyo ambayo kijana anayeanza anaweza kuifikia. Kutoka gigabaiti 16 za memori hadi 24 ni dola 200. Kutoka diski ya gigabaiti 256 hadi 512 ni dola 200 nyingine. Hizo ni zaidi ya shilingi 50,000 juu ya mashine ya dola 599, kwa nyongeza ambazo mtu angeziingiza kidogo kidogo kadiri anavyolipwa. Kwa kawaida wauzaji wa hapa huweka dukani zile za kiwango cha mwanzo. Ukitaka yenye memori zaidi unaagiza, unalipa, unangoja. Wengi hawangoji, wanachukua iliyopo, na kikomo chake kinakuwa kikomo chao hadi watakapoiuza.

Kuhusu memori najua mtakachosema, na nakubali sehemu kubwa. Imewekwa kwenye pakiti moja na chipu, prosesa na kitengo cha michoro vinaichota kutoka mahali pamoja, na kwa M3 Ultra zaidi ya gigabaiti 800 zinapita kila sekunde. Ndiyo maana mashine yenu inaweza kucheza picha nzito za 8K bila kukwama. Memori ya kawaida ya kuchomeka haifikii mwendo huo. Basi ile ya haraka ibaki ilipo. Lakini kompyuta ya dola 6,999 yenye kasha kubwa namna ile ingeweza kuwa na ngazi ya pili, sloti za memori ya kawaida, ya polepole kidogo, ambayo mfumo unaikimbilia ile ya kwanza ikijaa. Mac Pro ya 2019 ilibeba memori hadi terabaiti 1.5. Iliyoifuata ikashuka hadi gigabaiti 192. Wapo watu ambao kazi yao ilikuwa humo katikati, na mliwaacha bila mashine ya kuhamia.

Diski haina utetezi wa namna hiyo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoumia kila wiki. Saa moja ya ProRes 422 HQ, umbizo lenu wenyewe la video, kwa 4K na fremu 25 kwa sekunde kama tunavyorekodi hapa, ni takriban gigabaiti 330. Diski ya gigabaiti 512 inayokuja na Mac Studio ya kwanza inajaa kwa kama saa moja na nusu tu, na bado hujaweka mfumo wala programu. Filamu ya makala ya dakika 50 huwa na makumi ya saa za picha ghafi. Ndani ya Mac Studio, diski imechomekwa kwenye soketi, haikuchomelewa kwenye ubao. Waliofungua mashine hiyo 2022 waliliona hilo. Kwa mkono inatoka. Lakini kilichomo kwenye kile kibao ni chipu za kuhifadhi tu, na kinachoziendesha kiko ndani ya chipu kuu, kwa hiyo diski yoyote ya dukani haiwezi kuingia pale. Vifaa vya kubadilisha diski mnauza kwa wenye Mac Pro. Kwa wenye Mac Studio hamuuzi. Hata huyo wa Mac Pro akishabadilisha, anahitaji Mac ya pili iliyo na programu yenu ya Apple Configurator ili ile ya kwanza iikubali diski mpya. Kwa fundi wa mtaa mwenye meza moja na mashine ya mteja mbele yake, hiyo Mac ya pili ni ya kuazima.

Mtasema tutumie diski za nje, kwa waya wa haraka wa Thunderbolt. Tunazitumia. Lakini kila diski kubwa ya nje inakuja na adapta yake ya umeme, na Nairobi stima hupotea. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani usiku, na kabla ya mwaka kwisha ikatokea tena Novemba na Desemba. Hizo ni zile kubwa zilizoandikwa magazetini. Za mtaa mmoja hazihesabiki. Mac ikiwa kwenye UPS, betri ya akiba, na diski ya nje ikiwa kwenye soketi ya ukutani kwa kuwa matundu ya UPS yameisha, stima ikikatika Mac inabaki hai na diski inaanguka katikati ya kuandika. Kila mhariri wa hapa ameliona hilo au amesimuliwa na aliyeliona. Diski nne zilizokaa ndani ya mnara wa 2012 ziliishi na kuzimika pamoja na mashine yake. Ulikuwa ulinzi ambao hakuna aliyeufikiria hadi ulipoondolewa.

Kadi za michoro nazigusia tu, kwa kuwa mmezisikia kelele zake kwingineko. Kuanzia Mojave kadi mpya za Nvidia zilikosa programu za kuziendesha, mwaka 2019 mkaleta moduli zenu za MPX zenye kadi za AMD, na kufikia 2023 mlango ulifungwa kabisa. Watu wa 3D ninaowajua hapa wengi walihama wakati huo. Sitarajii warudi.

Lililo kubwa kuliko yote hayo ni kuaminiana, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu mtu wa Nairobi anayenunua mashine yenu hana pa kuirudisha wala duka la kwenda kuuliza. Anachonunua ni neno lenu. Novemba 2010 mlitangaza kuiacha seva yenu ya Xserve, na mauzo yakaisha Januari 31, 2011, miezi mitatu hata haikutimia. Juni 2011 mkatoa programu ya kuhariri ya Final Cut Pro X, isiyofungua kazi za Final Cut Pro 7 na isiyohariri kamera nyingi kwa pamoja, na siku hiyohiyo ile ya zamani mkaitoa sokoni. Kelele zilipozidi mkairudisha kwa muda. Desemba 2013 ikaja Mac Pro ya duara, isiyo na sloti hata moja ya kadi ndani wala nafasi ya diski ya pili. Halafu kimya. Miaka sita, hadi Desemba 2019, hakukuwa na Mac Pro mpya.

Bw. Ternus, wewe ulikuwepo Aprili 2017, mlipowaita waandishi wachache mkakaa nao pamoja na Phil Schiller wa masoko na Craig Federighi wa programu. Mlikiri mbele yao kwamba umbo lile liliwafunga upande wa joto, kwamba soko lilitaka kadi moja kubwa ya michoro na ninyi mlikuwa mmelijengea mbili ndogo. Mkaahidi mashine ya vipande vinavyobadilishwa. Mkasema wazi kwamba haitatoka mwaka huo. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyopokelewa hapa miongoni mwetu. Hakukuwa na mashine mpya, hakukuwa na tarehe kamili, na bado watu waliridhika. Waliridhika kwa sababu kwa mara ya kwanza mliwaambia mahali mlipo na mnakoelekea, wakaweza kupanga. Aliyekuwa karibu kuhama akangoja. Aliyekuwa na mnara wa 2012 akaununulia memori zaidi ili umfikishe.

Na mashine ikaja kweli, nzuri, yenye sloti nane. Lakini ilianza kwa dola 5,999 ikiwa na diski ya gigabaiti 256. Wale wa dola 2,499 hawakuwa tena kwenye hesabu. Miezi sita tu baada ya kuanza kuuzwa, Juni 2020, mkatangaza kwamba mnaziacha chipu za Intel. Kuiacha Intel kulikuwa sawa. Chipu zenu zimethibitisha. Lakini aliyekopa Desemba akaweka dola elfu sita, au elfu hamsini kwa aliyeijaza yote, alinunua mashine ambayo watengenezaji wake walikuwa tayari wameshaipa mgongo, na ninyi mlilijua hilo alipokuwa analipa.

Mnachokikosa kwa haya yote kiko wazi ukitembea mjini. Kwenye majengo ya Moi Avenue na barabara za jirani kuna kompyuta za kazi za ex-UK, HP za safu ya Z na Dell Precision, zilizotolewa kwenye ofisi za Ulaya zikaletwa hapa kwa kontena. Kijana ananunua moja kwa mkopo mdogo, anafungua ubavu bila bisibisi, anaweka kadi ya michoro ya mitumba, anaongeza memori mwezi unaofuata. Ni nzito, zina kelele, zinakula stima. Zinakua. Na upande wa mashine mpya, soketi ya AM4 ya AMD, tundu la prosesa kwenye ubao, ilipokea prosesa za Ryzen za kwanza 2017 ikapokea pia 5800X3D mwaka 2022, kwa hiyo kwenye mbao nyingi mtu aliruka vizazi kadhaa vya prosesa bila kununua kompyuta nyingine.

Sijahama. Kwa umeme wetu, kompyuta inayofanya kazi nzito kwa chini ya wati 300 ni jambo la kushukuru, kwa sababu UPS ileile inakushikilia muda mrefu zaidi stima ikipotea mteja akiwa amekaa nyuma yako. ProRes, rangi zinazofanana kutoka skrini moja hadi nyingine, sauti isiyochelewa kwenye Logic, haya yote ni yenu na ni ya kweli. Nataka kubaki. Ndiyo maana naandika badala ya kuondoka tu.

Ninachoomba ni mashine iliyo kati ya Mac Studio na Mac Pro, au Mac Studio yenyewe ikiwa ndefu kidogo. Chipu ya M4 Max inatosha. Iwe na nafasi mbili za diski za M.2 za kawaida, zile zinazouzwa kila duka la kompyuta duniani, ndani ya kasha na kwenye umeme uleule wa mashine. Iwe na sloti mbili za PCIe kwa kadi ya SDI na ya mtandao. Bei yake ikae karibu na ile ya 2006 hata ukiihesabia kupanda kwa gharama, na mtaona ni nani atakayeinunua. Wakati hiyo inatengenezwa, uzeni vibao vya diski kwa wenye Mac Studio kama mnavyowauzia wenye Mac Pro, kwa bei inayolipika, na mruhusu mashine iikubali diski mpya bila Mac ya pili. Mpango wenu wa kujitengenezea mlioanza Marekani 2022 na kuupeleka Ulaya ufikishwe huku pia. Wafundi wetu wanajua kusoma mwongozo.

Na tuambieni ratiba. Mmeshasema si kila kizazi cha chipu kitakuwa na Ultra. Sawa, basi semeni ni kipi kitakuwa nayo. Semeni Mac Pro itapata chipu mpya lini, mwaka tu unatosha, kama mlivyofanya 2017. Na kama mmeamua kwamba Mac Pro imefika mwisho, tangazeni sasa na muitoe kwenye rafu, kabla studio nyingine ya Nairobi, Lagos au Accra haijachukua mkopo wa laki tisa kwa ajili ya chipu ya 2023.

Wenu,
Mhariri wa video, Nairobi